Waya Zenye Mishale na Sauti ya Baba

Leo nimeaibishwa na kikao nilichojitakia mwenyewe, nyumbani kwangu, nikiwa nimekaa kwenye kochi langu, na aibu yote imeandikwa kwenye muhtasari na kupitishwa kwa kunyoosha mikono.

Nawaandikia kutoka maabara ya kompyuta ya chuo. Nimetoroka nyumbani kwa kisingizio cha kazi ya darasa, maana pale sebuleni walikuwa hawajamaliza kucheka. Najua wengi wenu kwenye listi hii ya barua pepe mtaipata habari kutoka kwa Wakenya kabla ya kesho asubuhi, wameshaanza kupigiana simu. Bora mnisikie mimi mwenye msiba wangu.

Kwa wasionifahamu, naitwa Gaspari, mtu wa Singida, nakaa St. Louis Park, Minnesota, na huu ni mwaka wa saba sijakanyaga nyumbani. Mdogo wangu Tumaini anaolewa wiki mbili zijazo na kijana wa Kikenya, mtu mzuri, sina neno naye. Baba amenyimwa viza. Basi tumepanga kwamba siku ya harusi, saa sita mchana ya huku, kule ikiwa saa tatu usiku, tutampigia kwenye simu ya ofisi ya parokia. Padri amekubali kumfungulia. Baba atatoa baraka zake kwa simu na ukumbi mzima utamsikia kwenye spika. Dakika tano. Laini ikikatika imekatika, na baba akisikika kama mtu anayeongea ndani ya debe, hakuna harusi ya pili ya kurudia.

Mimi ndiye kaka mkubwa. Nikasema kazi hiyo haiwezi kupewa mtu mwingine. Sauti ya baba yangu itapita kwenye mikono yangu.

Sasa hapo inabidi nikiri ugonjwa wangu. Mimi ni mtu wa redio. Wenzangu wakipata mshahara wananunua magari, mimi nanunua amplifaya. Na mwaka jana, kwenye duka moja kule Roseville, muuzaji mwenye tai alinikalisha kwenye kiti cha ngozi, akanipigia wimbo mmoja mara mbili, akaniuliza, "Umesikia tofauti?" Mtu mzima umekalishwa kwenye kiti cha ngozi, umepewa na kahawa, utasema hujasikia? Nikasema nimesikia. Nikatoka na jozi ya waya za spika nene kama bomba la kumwagilia bustani.

Waya hizo zina mishale. Imechorwa kwenye ganda lake kuonyesha sauti inakotakiwa kuelekea. Muuzaji alinieleza pia kwamba waya mpya ni lazima izoeshwe muziki kwa saa mia moja kabla haijafunguka. Nikaacha redio ikiimba siku nne mfululizo wakati nipo kazini (yule mzee wa chini aligonga dari kwa ufagio hadi rangi ikabanduka). Halafu akasema waya isiguse zulia, zulia linanyonya sauti. Kwa hiyo waya zangu zimelala juu ya vikombe vya chai vilivyopinduliwa, vikombe sita, na wageni wakija tunakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Tumaini hajawahi kulizoea jambo hilo.

Tuje kwenye kamati. Kamati ya harusi ni nusu sisi, nusu Wakenya. Mwenyekiti ni Mama Nduta, nesi mkuu anayetoka Burnsville, mama ambaye akisema kikao saa tisa, saa tisa na dakika mbili anafunga mlango. Katibu ni Ezekieli, Mtanzania mwenzetu, mwanafunzi wa uhasibu, na huyo anaandika kila kitu. Ukipiga chafya, anaandika kwamba mjumbe alipiga chafya. Halafu yupo Kimani, binamu wa bwana harusi. Kimani anatengeneza mashine za hospitali. Ni mpole, haongei sana, na hilo ndilo linalonikera.

Wiki iliyopita niliiambia kamati kwamba waya zangu ni fupi kwa ule ukumbi, kwa hiyo tutoe kwenye michango tununue nyingine za namna ile ile, ndefu. Nikaeleza habari ya mishale. Kimani akainua mkono taratibu.

"Boss, na ukiiweka vibaya, sauti inarudi Tanzania?"

Watu wakacheka. Damu ikanipanda.

"Wewe unachezea baraka za mzazi," nikamwambia.

"Hapana, mimi naheshimu mzee. Lakini copper ni copper. Waya ya dola mbili itafanya hiyo kazi."

"Mimi nasikia tofauti."

"Hata kama huoni ni gani imechomekwa?"

"Hata nikiwa nimelala usingizi."

Hayo nimeyasema mimi, kwa mdomo huu huu. Mama Nduta akagonga meza kwa kalamu. Akasema kamati haiwezi kutumia michango ya watu kwa maneno ya mtu. Jumapili baada ya ibada tukutane kwa Gaspari, asikilize bila kuona, waya zipimwe. Akipatia, tunanunua, na yeye ndiye mkuu wa sauti. Asipopatia, sauti inakwenda kwa Kimani, na Gaspari anahamia kwenye maegesho kuelekeza magari.

Maegesho. Mwezi wa tatu, Minnesota, nje, nimevaa kizibao cha njano juu ya suti, huku baba yangu anaongea ndani. Sikulala vizuri wiki nzima.

Basi leo. Nimetoka ibadani nikaja kujiandaa kama mtu anayesubiri posa. Nikapangusa spika kwa kitambaa cha pamba. Nikanyoosha waya, nikakagua mishale. Nikavisogeza vikombe vikawa na nafasi sawa. Nikasafisha masikio (kwa pamba na mafuta ya nazi, na wala sioni aibu, ya aibu yanakuja).

Suala la nini cha kusikiliza nilishalimaliza mwenyewe. Nilisema tusitumie muziki, kila mtu ana muziki wake. Tutumie sauti ya baba. Alhamisi, mama mmoja aliyetoka likizo alimletea Tumaini kaseti kutoka nyumbani. Mnazijua hizo kaseti, badala ya barua watu wanakaa mbele ya redio na kusema salamu zao. Tumaini aliisikiliza siku hiyo hiyo. Mimi nikakataa. Nilimwambia aniletee Jumapili, nisije nikaambiwa nimekariri. Nilijiona mwanasayansi.

Saa tisa kamili Mama Nduta akaingia, akavua viatu vya theluji, akaangalia vikombe vilivyopinduliwa sakafuni, akaangalia kikombe cha plastiki alichopewa, akaketi. Ezekieli akafungua daftari lake kubwa. Kimani akaja wa mwisho, mashavu yamekauka kwa baridi, ana mfuko wa nailoni.

"Waya yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeipata hapa tu, karibu," akasema, akatabasamu.

Tumaini akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akanipa kaseti kwa vidole viwili. "Nimeirudisha mwanzo," akasema. "Wameongea vizuri sana, utafurahi." Akarudi kwenye maandazi yake, maana mafuta yalikuwa yameshapata moto. Sikumuuliza kitu. Mtu mwenye masikio kama yangu anauliza nini?

Mama Nduta akafungua kikao kwa sala. Aliomba ukweli udhihirike. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Utaratibu ulikuwa hivi. Tumetundika khanga mbele ya rafu, inaficha amplifaya na waya, spika zinaonekana. Khanga ya Tumaini, imeandikwa MAJUTO NI MJUKUU (sikuisoma, nilikuwa naangalia kama imenyooka). Kimani yuko nyuma ya khanga. Ezekieli naye kasimama ubavuni anakoona kote kuwili. Kabla ya kila mzunguko anarusha sarafu. Ikiangukia kichwa, zinafungwa waya zangu. Ikiangukia nyuma, inafungwa ya Kimani. Kila mara Kimani anafungua na kufunga upya, hata kama waya ni ile ile, ili nisipate dalili kwa vishindo. Ezekieli anaandika jibu kwenye karatasi na kulikunja. Mizunguko mitatu. Kila mmoja, dakika moja ya mwanzo wa kaseti. Wote tulikubaliana. Mimi ndiye niliyeunga mkono hoja.

Mzunguko wa kwanza. Kaseti ikakwaruza kidogo, halafu sauti ya mzee ikajaa chumba.

"Haya, inawaka? Inawaka. Haya. Wanangu, hamjambo huko Marekani? Sisi huku hatujambo kabisa. Mvua imenyesha kidogo, mtama umesimama. Ng'ombe yule wa baka amezaa..."

Nikafumba macho. Nikainamisha kichwa upande kama nilivyoona muuzaji wa Roseville akifanya. Dakika ikaisha. Nikanyoosha kidole, macho bado nimefumba.

"Hii ni ya Kimani. Sauti imebanwa. Baba anaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kifua chake hakisikiki kabisa."

Kalamu ya Ezekieli ikakimbia.

Mzunguko wa pili. Sarafu ikalia, nati zikazungushwa, kaseti ikarudishwa. "Haya, inawaka? Inawaka..."

Ndugu zangu, nawaapia, nilisikia mbingu zikifunguka. Ile sauti ilinijia kifuani. Nikaona uwanja wa nyumbani, nikaona kile kiti cha kamba. Miaka saba namsikia kwenye simu inayokoroma, dakika mbili mbili, "haloo, haloo, unanisikia", na leo ameketi sebuleni kwangu ananiambia habari za ng'ombe. Machozi yakanitoka. Siyafichi, nililia.

"Hapo," nikasema. "Hapo ndipo baba. Hizi ndizo waya zangu. Mnasikia? Mimi nasikia mpaka lile pengo la jino la mbele, pumzi inavyopita. Sauti ya aliyekuzaa haihitaji kutambulishwa."

Mama Nduta naye akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Akasema polepole, "Huyu mtoto anampenda babake." Nikajua nimeshinda. Nikaanza hata kumhurumia Kimani na mfuko wake wa nailoni.

Mzunguko wa tatu. Sarafu, nati, kaseti. "Haya, inawaka?" Sikungoja hata dakika iishe.

"Mmerudisha ile mbovu ya kwanza. Yaani baba amechoka ghafla. Amezeeka miaka kumi hapa katikati. Zimeni, msimtese mzee."

Nikafumbua macho, nikaegemea kochi, nikakunja nne. Nikamwambia Ezekieli asome karatasi zake.

Ezekieli akakunjua ya kwanza. Akasafisha koo. "Mzunguko wa kwanza. Mjumbe alisema ni waya ya Kimani. Zilikuwa waya za mjumbe."

Nikacheka kidogo. Kosa moja si kitu, hata daktari anakosea.

"Mzunguko wa pili. Mjumbe alisema ni waya zake. Ilikuwa waya ya Kimani."

Mguu niliokunja nikaushusha.

"Mzunguko wa tatu. Mjumbe alisema imerudishwa ile mbovu ya mzunguko wa kwanza, yaani zile ambazo kumbe ni zake. Sarafu iliangukia pale pale. Ilikuwa waya ya Kimani tena, ile ile ya mzunguko wa pili. Jumla, sifuri kwa tatu."

Kimani akatokeza kichwa juu ya khanga. Hakunikejeli, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alisema kwa huruma, kama mtu anayekueleza majibu ya damu, "Boss, hata mtu kiziwi akiguess, angepata moja."

Nikaanza kutapatapa. Niliuliza mishale ilielekezwa wapi. Kimani akasema kwenye spika. Nikamwangalia Ezekieli, Ezekieli akathibitisha. Nikauliza kama waya ziligusa zulia. Kimani akasema hapana, alivitunza vikombe vizuri. Nikasema basi waya yake na yenyewe lazima ni ya bei mbaya, ameficha, atuonyeshe ameinunua duka gani.

Akaitoa. Ilikuwa ya rangi ya chungwa.

Mnaoishi huku mnazijua. Kwa wale wa majimbo ya kusini na wa nyumbani nawaeleza: huku baridi ikizidi, gari linachomekwa umeme kama pasi, injini isigande, na waya ya kulichomekea ni ya rangi ya chungwa, ndefu, ya kuburuta nje kwenye theluji. Hii ilikuwa imekatwa vipande, ncha zimechunwa. Na katikati ilikuwa imefungwa plasta ya umeme ya njano, mizunguko minne. Plasta ile niliifunga mimi. Ni waya ya gari langu. Gari la kusukuma theluji liliikata Jumatatu, nikaiviringisha, nikaitupa kwenye pipa la taka hapo chini.

"Nilisahau yangu nyumbani," Kimani akasema. "Nikaona hii kwa takataka nikiingia. Copper iko sawa kabisa."

Kwa hiyo machozi yangu yote, na pengo la jino, na kiti cha kamba, vilipitia kwenye takataka zangu mwenyewe. Nikadhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Nikawa naomba tu wanywe chai waondoke.

Lakini Mama Nduta hafungi kikao bila muhtasari kusomwa na kuthibitishwa. Ndio utaratibu wake tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyeusifu. Akamwita Tumaini atoke jikoni awe shahidi wa upande wetu. Tumaini akaja na sinia la maandazi, akasimama nyuma ya kochi.

Ezekieli akasoma. Jamani, kuna watu wanajua kusoma. Alisoma taratibu, bila kubadili sauti, kama anasoma taarifa ya benki.

"Katika mzunguko wa kwanza, mjumbe alisema baba yake anaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Katika mzunguko wa pili, mjumbe alitoa machozi. Mjumbe alisema hapo ndipo baba. Mjumbe alisema anasikia pengo la jino la mbele la baba yake. Mjumbe alisema sauti ya aliyekuzaa haihitaji kutambulishwa. Katika mzunguko wa tatu, mjumbe alisema baba yake amezeeka miaka kumi."

Mama Nduta akauliza, "Kuna marekebisho?"

Nikasema hakuna. Nilisema haraka.

Nyuma yangu nikasikia sinia likiwekwa mezani.

"Mwenyekiti, ninalo moja," Tumaini akasema.

"Sema, mwanangu."

"Hapo palipoandikwa baba. Pote." Akaniwekea mkono begani, mkono una unga. "Paandikwe baba mdogo."

Nikageuka kumtazama. Nilidhani ananitania.

"Kaka, huyo ni baba mdogo Anselimi. Karibu upande wote huu ni yeye. Baba alikataa kuongea na redio. Mimi nilijua unajua."

"Pengo la jino..." Ezekieli akaanza kuuliza, kalamu juu.

"Baba mdogo ana meno yake yote," Tumaini akamjibu.

Kimani alirudi nyuma ya khanga. Nikaiona khanga inatetemeka. Mama Nduta aliinamisha uso kwenye mkoba wake, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na mama huyo sijawahi kumwona akicheka tangu nimjue, hata kwenye sherehe ya kuchangia harusi hii. Ezekieli peke yake ndiye hakucheka, kwa sababu alikuwa anafuta. Pote. Alihesabu, zilikuwa sehemu nne.

Nikajitetea. Nikasema baba na baba mdogo sauti zao ni moja, hata nyumbani watu walikuwa wanakosea akibisha hodi. Nikasema hata yeye anatuita wanangu, na kweli ndivyo anavyotuita, ni mzazi wetu. Nikasema miaka saba ni mingi. Hilo la mwisho lilinitoka vingine. Nilikuwa na hofu ya kweli, jamani. Nimekaa huku nikijiambia kwamba vyote nitavisahau, njia za nyumbani, majina ya majirani, lakini si sauti ile. Na leo nimeilia sauti ya mtu mwingine, mbele ya mashahidi.

Kimani akaacha kucheka. Akauliza, "Hiyo tape, huko mbele kuna nini? Tulikuwa tunaskia minute moja tu."

Tumaini akamwambia aiache iendelee. Waya ilikuwa bado ile ya rangi ya chungwa. Baba mdogo akamaliza habari za ng'ombe, akahamia paa la shule, akataja waliofariki na waliooa, halafu akasema, "Basi mimi naishia hapo. Sasa nampa kaka naye awasalimie." Redio ikaburutwa, kitu kikaanguka. Halafu kwa mbali, kama mtu aliye mlangoni amekataa kuingia, tukasikia mzee mwingine anafoka.

"Mimi siongei na kisanduku. Kisanduku hakijibu. Waambie nitasema nao kwenye simu, siku yenyewe. Na mwambie Gaspari avae sweta."

Basi. Kaseti ikafika mwisho, ikakata.

Hakuna aliyeniuliza kama namtambua. Nilivyolia safari hii hakuna aliyeandika, hata Ezekieli aliweka kalamu chini. Tumaini akakaa kwenye mkono wa kochi, akanipa andazi.

Kisha Mama Nduta akajipangusa, akarudia uenyekiti wake. Sauti, kwa Kimani, kwa waya ya rangi ya chungwa, na plasta ibandikwe mpya. Michango haitaguswa. Maegesho, kwa Gaspari, kama tulivyokubaliana. Akauliza kama kuna nyongeza, akawa anafunga mkoba.

Tumaini akanyoosha mkono tena. Nikajifunika uso, nikajua sasa ananimalizia.

"Naomba kaka asikae nje," akasema. "Spika aziangalie Kimani, sawa. Lakini simu ashike kaka. Baba akipokea kule, wa kwanza kumsikia awe yeye, ndipo aisogeze kwenye kipaza sauti watu wote wasikie. Harusi ni yangu, hilo naliomba."

Kimani akaunga mkono kabla hajamaliza. Mama Nduta akafikiri, akasema vyema, maegesho atapewa mtu mwingine. Mikono ikanyooshwa, wote wanne, na wa tano wangu, ingawa kwa jambo linalonihusu sikuwa na haki ya kupiga kura.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hamjaanza kunitumia ujumbe wa kunicheka, mjue kwamba nimepanda cheo. Vikombe nimevirudisha jikoni. Waya za mishale, mwenye kuzitaka aniambie, zimezoeshwa saa mia moja. Na siku ya harusi nitakuwa ndani, kwenye joto, nimeshika simu ya baba yangu. Ila Mama Nduta ameweka sharti moja, na Ezekieli ameliandika kwenye muhtasari: kabla sijaisogeza simu kwenye kipaza sauti, nimuulize kwanza anayeongea jina lake.